Mimba Iliyohamishwa

Wakati huo sheria haikumruhusu mwanamke mwenye vivimbe kwenye ovari kubeba mtoto wa kike, maana homoni zake zingemwambukiza binti maradhi yale yale tangu tumboni. Basi mimba ya Mwanakheri ikahamishiwa kwa jirani yake, Bi Siwema.

Mtoto alipozaliwa alirudishwa kwa Mwanakheri. Siku ya kumnyoa nywele, kitoto kililia mpaka sauti ikakauka. Mwanakheri alikibembeleza, akakiimbia, wapi!

"Nini tena, mama'angu? Nani kakuonea?" Bi Siwema aliuliza kwa utani, akiwa bado mlangoni.

Mtoto akanyamaza papo hapo, akageuza kichwa kuitafuta sauti.

"Alhamdulillahi, ni mzima; sauti aliyoizoea tumboni ndiyo aliyokuwa akiililia," alisema Mwanakheri, akampakatisha Bi Siwema mtoto, kisha akaenda kumtandikia jirani yake kitanda alichokuwa akilalia yeye, alale hapo na mtoto.