Binti wa Mzee Anaeto

"Soko la kijiji chenu ni siku gani?" karani wa halmashauri aliuliza bila kuinua macho.

"Nkwo!" Nkemdilim alijibu kabla swali halijapoa. Alikuwa amekariri kila kitu: mababu watano kwa majina, kijito, hata mbuzi wa nani alianzisha ugomvi wa mpaka.

Alama zake za mtihani wa kuingia chuo kikuu zilikuwa mia mbili na tatu. Mwenyeji wa jimbo alichukuliwa uuguzi kwa mia na tisini. Mgeni, mia mbili arobaini. Miaka tisa aliyouza akara, bajia za kunde, hapa, akisoma masomo ya jioni huku ananyonyesha, haikuhesabiwa. Chuo kilitaka kujua baba yako ametoka wapi, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka cheti cha uenyeji.

Alijiona mjanja kweli. Yeye, aliyeangushwa na hesabu za sehemu mara mbili, leo anaishinda serikali!

"Kijito?"

"Mmiri Oji. Kinapita nyuma ya shule, halafu kinakata kwenye shamba la—"

"Basi, dada, basi! Mama yangu katoka huko na mimi sijui hata nusu yake." Karani akacheka, akamgeukia Mzee Anaeto, aliyekaa kando, kofia mapajani. "Mzee wetu, huyu ni wa kwako?"

"Wa kwangu. Nani mwingine anayeweza kunipikia mchuzi wa majani machungu nikalamba kidole?"

"Mchuzi si kiapo, mzee. Umemzaa wewe?"

Mzee akakohoa. Akautazama ukuta. "Nimemzaa mimi."

Nkemdilim akainamisha kichwa kwa adabu. Moyoni alishavaa sare nyeupe, na wagonjwa walikuwa wanamwita sista.

Karani akagonga muhuri. Kalamu ikashuka kutia sahihi, ikasita kwenye mstari wa mwisho.

"Umeolewa, dada?"

Swali jepesi kuliko yote! Hili halikuhitaji hata kukariri.

"Nimeolewa," akasema kwa fahari.

"Na nani?"

Nkemdilim akamwonyesha Mzee Anaeto kwa mikono miwili, kama alivyofanya kila alipoulizwa.

"Na mwanawe wa kwanza."