Mierezi Isiyo na Kovu

Nyumbu alikuwa ameshatoka uani na magodoro mgongoni, Hukmi alipomkamata hatamu.

"Mama, mwachie," alisema Chuni Lal, mwanawe. "Mvua za mwaka huu sizipendi. Kijito kikija hakitapiga hodi."

"Nimeolewa hapa, nimezaa hapa. Kijito hiki kinanijua kuliko mkeo."

Mkamwana wake, Reshma, alicheka huku akimfunga mtoto mgongoni. "Basi kikupikie, mama."

"Ngojeni Negi aseme. Akisema tuhame, nitatangulia mimi."

Negi alikuwa bwana wa misitu. Tangu asubuhi alikuwa kijitoni, akitoboa mierezi kwa kekee, akichomoa vijiti vyembamba na kusoma duara za umri. Mti uliogongwa na mawe ya mafuriko hubaki na kovu, na duara hutaja mwaka.

Alirudi akitabasamu. Hukmi akampa chai. Negi akaegemea nguzo ya baraza, akatua kikombe ndani ya shimo la nguzo hiyo, pale Hukmi alipozoea kuweka taa.

"Nimeipima yote," alisema. "Miti mikongwe, na hakuna hata mmoja wenye kovu. Maji hayajawahi kupanda hapa."

"Ni miti ya mungu wetu, mwanangu," alisema Hukmi, kifua mbele. "Yenye dosari haikai machoni pake." Akamgeukia Chuni. "Umesikia? Shusha magodoro, mwoga wewe."

Chuni aliutazama mlima kitambo. Kisha akashusha.

Kijito kilikuja Agosti, mchana kweupe. Miili ya Chuni, Reshma na mtoto iliokotwa huko chini, bondeni Kullu. Nyumbu hakuonekana tena. Hukmi alikuwa amepanda hekaluni kupeleka maua, akabaki yeye.

Negi naye alirudi. Nyumba yote ilikuwa imekwenda, isipokuwa ile nguzo ya baraza. Akaikata kwa msumeno, akapiga magoti kuhesabu, akahesabu tena. Ndani ya nguzo mlikuwa na kovu baada ya kovu.

"Mama," aliuliza, "mti huu ulikatwa wapi?"

"Hapo hapo kijitoni," alisema Hukmi. "Mizima ni ya mungu. Sisi tunajengea ile yenye dosari."