Filamu Mbili za Mlinzi Mmoja

Wamarekani hawakuweka pete ndani ya kiatu. Albertine alikaza macho mpaka filamu ikaisha, na pete hakuiona.

Watu walitoka kwenye chumba cha video wakibishana. Hadithi ilikuwa ile ile ya Wachina waliyoonyeshwa mwezi uliopita: majambazi wanapanda treni, wanamuua mlinzi, wanamtupa mtoni. Vijana wa reli walisema Wamarekani wameiharibu kwa magari na mabusu. Wake wa askari walisema afadhali hii, inasema Kifaransa. Ile ya Wachina walielezewa na Likoke, mwenye video, ambaye Kichina hajui hata salamu.

"Weye Likoke," mmoja alimtania, "Bachina bako balisema mingi kupita bale ba Amerika."

Albertine hakucheka. Mume wake, Kalala, alikuwa mlinzi wa treni. Miaka mitatu iliyopita nguo zake zilikutwa Bukama, kando ya mto Lualaba, zimekunjwa. Mwili haukuonekana. Wakubwa wa reli waliandika kwamba ameuawa na majambazi. Pete ya ndoa Albertine aliikuta mwenyewe ndani ya kiatu cha kushoto, na hakumwambia mtu, hata pasta.

Sasa katika filamu ya Wachina, pale televisheni ilipoonyesha maji meusi tu, Likoke alisema: "Banakunja nguo yake. Pete banatia mu kiatu ya kushoto."

Tangu siku ile Albertine alitaka jambo moja tu: kumjua aliyemuua mume wake. Lakini aliogopa kumsingizia mtu, akangoja aione ya Wamarekani kwanza: pete ikiwamo, basi Likoke alisimulia hadithi tu. Nje kaka yake Stanislas, sajini wa kambi ya jeshi, alikuwa anamngoja na bunduki yake. Alishaapa kwamba muuaji akijulikana hatafika mahakamani.

Likoke alikuwa anakunja waya wa jenereta.

"Papa Likoke, ile maneno ya pete ulitoa wapi?"

Likoke akaacha waya. Akaenda kufunga mlango, akarudi, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama Albertine, hakuna muntu alimuua. Kalala mwenyewe njo aliniambiaka. Iko muzima kule Kaniama, na bibi ingine, na batoto babili. Alinikataza kukuambia. Ile siku maneno iliniponyoka."

 Albertine akajifunga kitenge vizuri, akafungua mlango.

"Njo Likoke alimuua?" Stanislas akauliza.

"Njo yeye."