Mpaka Umesogea

Siku ya tano yule kijana alirudi, akachuchumaa tena mbele ya mmea wa maboga wa Siwema. Hakuchuma kitu, hakupima kitu. Alitazama tu, akachora daftarini.

"Mchumba wako kaja!" jirani alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua.

Siwema hakucheka. Mwaka juzi mwingine alikuja kutazama tu, na wiki iliyofuata vigingi vya mpaka vilisimama katikati ya mihogo yake, shamba likachukuliwa. Alichobakiwa nacho ni hiki kipande nyuma ya nyumba.

Akamnyang'anya kijana daftari, akasoma kwa sauti: "Mpaka umesogea." "Umesogea kwenda wapi? Hapa ni kwa mama yangu!"

"Mpaka wa jani, dada," kijana alisema. "Jana liliishia hapa. Mimi najifunza mmea kwa kukaa nao. Nikiukata nikaupeleka mezani, si huu tena."

"Kukaa nao? Unauguza boga?"

"Kama hivyo. Na wewe umo humo daftarini. Fungua kurasa za mbele."

Akafungua. Ulichorwa mkono wa Siwema ukichuma majani ya maboga, pamoja na kidole chake kilichopinda.

"Ukichuma ncha, mmea unatoa matawi," kijana alisema. "Siwezi kuuchora nikakuacha wewe."

Siwema alikitazama kile kidole. "Na ukishamaliza kutazama, nyuma yako wanakuja wangapi?"

Aliokota kijiti, akakichomeka ardhini kama kigingi pale pale jani lilipoishia, kisha akavuta kigoda akaketi, daftari akiwa amelibana mapajani.