Mkono Uliopona

Sindano ya cherehani ilipenya kidole cha shahada cha Mama Pacha, ikatokea upande wa pili, naye hakuhisi kitu.

Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Damu ililowesha kola ya shati jeupe.

Kwa miezi mitatu mkono wake uliwaka moto kwa kushona amejikunja kwenye kiti kifupi. Kila alfajiri alimwomba Mungu amwondolee maumivu. Wiki iliyopita yakaondoka yote, akashukuru mpaka akalia.

Leo nesi wa kiwanda alikuwa akipita na fomu. Mwenye maumivu angepewa kiti kirefu na mwezi wa mapumziko. Mzima angebaki palepale.

"Mama Pacha, mkono vipi?" nesi aliuliza kutoka mashine ya tatu.

"Huyo kapona!" jirani yake akadakia, hajainua hata macho. "Si alitutolea ushuhuda hapa, tukampigia makofi? Muandike mzima, dada."

Mama Pacha alizungusha gurudumu taratibu, sindano ikachomoka. Akakunja ngumi. Hata ngumi hakuihisi.

Kalamu ya nesi ilishagusa karatasi.

"Dada," Mama Pacha akasema, "usiandike kwanza."