Vichupa Dirishani

Shuwena alifungua friji ya mdogo wake, Haroub, kutafuta maji, akakuta soda zimejaa hadi mlangoni. Vichupa vya dawa vya Haroub vilikuwa dirishani, vinapigwa na jua.

"Nani kavitoa?"

"Mimi, wifi," alijibu mke wa Haroub, akipepeta mchele. "Leo si shukrani ya figo yake mpya? Tuwape wageni soda za moto?"

Shuwena alivishika. Vilikuwa vya moto kama mayai yaliyotoka kuchemshwa. Daktari aliwaambia wote: humo mna protini ya kuutuliza mwili wa Haroub, usije ukaiona figo ile ni mgeni ukaifukuza. Na joto huiharibu protini hiyo.

"Hebu punguza hasira, dada," alisema Haroub, kanzu mpya mwilini. "Mwili umeshaizoea. Figo ni yangu sasa."

"Yako?" Shuwena alijishika ubavuni, penye kovu. "Hii ikikuharibikia utanijia tena? Mimi nimebaki na moja, Haroub!"

Akaanza kuzitoa soda, moja moja, akizipanga dirishani juani. Mlangoni wageni walipiga hodi, wakarudia, na ndani hakuna aliyewaambia karibu.