Mistari Sita ya Wifi

Kompyuta ya zahanati ilikufa na kumbukumbu zote za chanjo. Karani alichomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, roho juu, akakuta kifaili kimoja kiduchu.

"Miaka kumi na moja ndiyo hii?" daktari aliuliza.

Kila mchana, programu ya mistari sita iliyoandikwa na wifi yake karani ilinakili data zote na kuzibana humo. Karani aliwahi kuicheka mbele za watu, na tangu siku hiyo hawasemeshani.

Kidole chake chenye plasta kilisita juu ya kitufe cha kufungua kifaili, kisha kikabonyeza.

Majina ya watoto yakaanza kumiminika, mamia kwa mamia, mpaka la yule aliyechanjwa jana.

Daktari akashusha pumzi. Karani akachukua simu.

"Wifi, ni mimi. Tafadhali usikate."